Kumpima pointi gadi kabla ya drafti: tazama uamuzi, si kikapu tu

Kila Juni ikikaribia, kijiwe chetu cha kikapu nyuma ya hosteli hakilali. Fainali za NBA zinaelekea ukingoni, mitihani inabisha hodi, na bado watu wanabishana mpaka saa sita usiku: dogo gani atachukuliwa wa kwanza, nani anaonewa, nani ni mchezaji wa YouTube tu. Kila mtu ana pointi gadi wake wa moyoni. Ukimuuliza kwa nini huyo, jibu ni lilelile: "Kwani wewe hujamwona anavyouchezea mpira?"

Makala hii ni somo fupi la namna ya kujibu swali hilo vizuri zaidi. Ninaliandika kwa sababu mimi mwenyewe nimelifeli hadharani. Mwaka jana nilikuwa mmoja wa watu watatu waliopewa kazi ya kuchagua timu ya kitivo chetu. Nafasi ya pointi gadi ilibaki kwa vijana wawili wa mwaka wa kwanza. Mmoja mrefu, ana kasi, anapitisha mpira katikati ya miguu ya watu mpaka uwanja mzima unapiga kelele. Wa pili mfupi, mkimya, huoni alichofanya mpaka mechi iishe na timu yake imeshinda. Tukamchukua wa kwanza. Wa pili tukamwambia ajaribu tena mwakani.

Nusu fainali tukafungwa. Rafiki yangu alikuwa ameirekodi mechi kwa simu, na nilipokaa kuitazama nikahesabu mara tisa ambazo dogo wetu aliupoteza mpira huku mwenzake yuko wazi kabisa mita chache pembeni. Yule mkimya hakurudi tena uwanjani. Hilo linaniuma kuliko kufungwa.

Drafti ya kujifunzia: 2009

Kwa wasiofuatilia: drafti ni usiku ambao timu za NBA zinachagua kwa zamu vijana wapya, raundi mbili. Timu zilizofanya vibaya zinaingizwa kwenye bahati nasibu ya nafasi za juu, ili wanyonge wapate nafuu. Kijana wa Kimarekani anatakiwa awe anatimiza angalau miaka 19 mwaka huo, na awe amemaliza sekondari angalau mwaka mmoja kabla. Kwa hiyo wengi wanapitia chuo kikuu kwanza, wakiwa na umri wetu huu huu.

Drafti ya tarehe 25 Juni 2009 Watanzania tunaikumbuka kwa jina moja: Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam aliyetokea Chuo Kikuu cha Connecticut, alichaguliwa wa pili na Memphis Grizzlies. Lakini kwa anayesoma habari za pointi gadi, usiku ule ni kitabu kizima. Tyreke Evans alichukuliwa wa nne. Minnesota walikuwa na nafasi ya tano na ya sita, wakachukua pointi gadi wawili mfululizo: Ricky Rubio wa Hispania na Jonny Flynn wa Syracuse. Wa saba, Golden State wakamchukua Stephen Curry. Brandon Jennings alikuwa wa 10, Jrue Holiday wa 17, Ty Lawson wa 18, Jeff Teague wa 19, Darren Collison wa 21. Patrick Beverley alisubiri mpaka nafasi ya 42, na Patty Mills mpaka ya 55.

Leo ni rahisi kucheka. Curry ana mataji manne na tuzo mbili za mchezaji bora wa msimu, na Flynn alicheza mechi yake ya mwisho ya NBA mwaka 2012 akiwa na miaka 23. Lakini kucheka si kujifunza. Swali la maana ni hili: usiku ule, bila kujua ya mbele, ungetazama nini?

Uamuzi ni kitu kimoja, matokeo ni kingine

Nenda Machi 2008. Davidson, chuo kidogo ambacho wengi walikuwa hawajawahi kukisikia, kimefika robo fainali ya mashindano ya vyuo vya Marekani na kinacheza na Kansas. Kansas wanaongoza 59 kwa 57. Sekunde za mwisho mpira uko kwa Curry, mwenye pointi 25 siku hiyo. Walinzi wawili wanamvaa. Anampa Jason Richards aliye wazi, mchezaji aliyeongoza nchi nzima kwa asisti msimu ule. Richards anatupa, mpira unakosa, Davidson nje. Kansas wakaenda kuwa mabingwa.

Kwenye karatasi ya takwimu, pasi ile haipo. Si asisti, kwa sababu mpira haukuingia. Anayesoma matokeo tu atasema Curry aliogopa. Anayesoma uamuzi anaona kitu tofauti: watu wawili wamekuja kwangu, kwa hiyo kuna mtu mmoja yuko huru, na nimempa mpira kwa wakati. Hiyo ndiyo kazi ya pointi gadi kwa sentensi moja. Mpira kuingia au kutoingia ni suala la mtupaji.

Novemba ya mwaka huohuo ikatokea mechi ya ajabu zaidi. Loyola ya Maryland waliamua kumwekea Curry walinzi wawili mchezo mzima. Unadhani alifanya nini? Akaenda kusimama kona na wale wawili wake, akawaachia wenzake wacheze wanne dhidi ya watatu. Alitupa mara tatu tu na kumaliza na pointi sifuri. Davidson wakashinda 78 kwa 48. Siku ile ile mtu wa kijiweni angesema "leo dogo kazimwa". Ukweli ni kwamba yeye ndiye aliyeivunja mechi, bila kufunga hata kikapu kimoja.

Kwa hiyo ukitazama video, usifuate mpira tu. Fuata mchezo wa skrini, kwa sababu kwenye kikapu cha kulipwa ndio mkate wa kila siku. Mtu mrefu anakuja kumzuia mlinzi wa pointi gadi, na walinzi wana njia tatu kubwa za kujibu:

– Mlinzi wa yule mtu mrefu anapanda juu kumbana mwenye mpira. Hapa pasi itoke mapema, kabla mtego haujafunga.

– Mlinzi huyo anabaki chini karibu na kikapu. Hapa pointi gadi ana nafasi ya kutupa akitoka nyuma ya skrini. Kama hawezi, walinzi watamwachia hapo usiku mzima.

– Walinzi wanabadilishana watu. Hapa ama amshambulie yule mrefu mzito, ama aone kwamba upande wa pili mwenzake mrefu amebaki na mlinzi mfupi.

Dogo mwenye jibu moja kwa maswali yote matatu ni mwanafunzi aliyekariri. Anapata A kwenye mtihani alioukariri, na NBA haitungi mtihani uleule mara mbili.

Na ukihesabu mipira aliyopoteza, igawe kwa aina. Kudokolewa mpira mkononi ni udhaifu wa kuuchezea. Kumgonga mlinzi aliyekwisha simama ni kutoona mbele. Pasi ngumu iliyopotea kwa nusu mita ni kosa la mtu anayeona kitu ambacho wengine hawakioni, na hilo linafundishika. Tahadhari nayo: dogo asiyethubutu pasi yoyote atakuwa na hesabu safi sana, na hatakusaidia kitu.

Namba zina nyumbani kwao

Namba bila mazingira ni kama GPA bila kujua mtu alisoma kozi gani. Mechi ya chuo Marekani ni dakika 40, ya NBA ni 48. Enzi zile chuo kilikuwa na sekunde 35 za kushambulia, NBA 24. Timu nyingine zinakimbia, nyingine zinatembea. Ndiyo maana angalau uweke namba kwenye kipimo kimoja. Chukua mfano wa kubuni: dogo A ana asisti 7 kwa dakika 40, dogo B ana 6 kwa dakika 30. Kijiweni A anashinda. Gawanya kwa dakika, uzidishe kwa 40: B ana 8.

Halafu uliza alikuwa anacheza na nani. Holiday alikaa UCLA mwaka mmoja, akamaliza na wastani wa pointi 8.5 na asisti 3.7. Namba za kawaida kabisa, na ndizo zilizochangia kumsukuma mpaka nafasi ya 17. Lakini mpira UCLA ulikuwa mikononi mwa Darren Collison, mkongwe wa miaka minne, kwa hiyo Holiday alikuwa anacheza pembeni. Namba zake zilieleza nafasi aliyopewa kuliko uwezo aliokuwa nao. Aliyetazama miguu yake kwenye ulinzi, na pasi chache alizopata nafasi ya kutoa, aliona mengine. Holiday alikuja kuwa bingwa na Milwaukee 2021 na Boston 2024.

Kwa Curry tatizo lilikuwa kinyume. Msimu wa mwisho alihamishiwa rasmi nafasi ya pointi gadi, akaongoza nchi kwa wastani wa pointi 28.6, na asisti 5.6 juu. Wapinzani wakasema: ligi ndogo hiyo. Hoja ni ya haki kabisa, na dawa yake ni kutenga mechi alizocheza na wakubwa. Mwaka 2008 alifunga 40 dhidi ya Gonzaga, 30 dhidi ya Georgetown, 33 dhidi ya Wisconsin, na hizo 25 za Kansas. Mechi nne si nyingi, lakini zinajibu swali lililoulizwa.

Kipi kitasafiri naye?

Hili kwangu ndilo swali kubwa kuliko yote. Dogo anahama ligi, umbali, kasi na miili. Kipi ataenda nacho, kipi kitabaki chuoni?

Pasi zinasafiri vizuri. Rubio alianza kucheza ligi ya juu ya Hispania akiwa na miaka 14, na akiwa na 17 alikuwa kwenye fainali ya Olimpiki ya Beijing dhidi ya Marekani. Alipofika Minnesota mwaka 2011, msimu wake wa kwanza alitoa asisti 8.2 kwa mechi. Lakini shaka iliyokuwapo tangu zamani, mtupo wake, nayo ilisafiri: katika maisha yake ya NBA alifunga chini ya asilimia 40 ya mitupo yake ya uwanjani.

Mtupo wa pointi tatu ndio unaodanganya zaidi. Waliosoma takwimu mwaka wa kwanza wakumbuke hapa. Dogo akitupa mara 100 akafunga 36, kosa sanifu la sampuli hiyo ni karibu asilimia 4.8. Maana yake uwezo wake wa kweli unaweza kuwa popote kati ya asilimia 27 na 45 hivi. Huyo wa 27 ataachwa wazi makusudi, na huyo wa 45 anabadilisha ulinzi mzima. Msimu mmoja wa chuo haukwambii ni yupi. Juu ya hapo, msimu wa 2008/09 mstari wa vyuo ulikuwa mita 6.32, wakati wa NBA ni 7.24 sehemu ya mbele.

Ndiyo maana maskauti wanatazama mitupo huru. Umbali ni uleule kila ligi, hakuna anayekuvaa, kwa hiyo unaona mkono wenyewe. Lonzo Ball, aliyechaguliwa wa pili mwaka 2017, alifunga asilimia 41 ya pointi tatu akiwa UCLA, jambo zuri sana. Mitupo huru alifunga asilimia 67 tu. Kengele ilikuwa inalia pale. Msimu wake wa kwanza NBA, pointi tatu zilishuka mpaka 30.5 na mitupo huru mpaka 45. Curry msimu wake wa mwisho chuoni alifunga zaidi ya asilimia 87 ya mitupo huru. Pointi tatu zake, karibu 39, zilikuwa chini ya za Lonzo, lakini alikuwa anatupa karibu mara 10 kila mechi, wengine wakimvaa.

Ila tusiwe wakatili. Lonzo alibadilisha namna ya kutupa, na msimu wa 2019/20 akapanda mpaka asilimia 37.5. Kengele ikilia haimaanishi nyumba lazima iungue. Inakwambia tu uende ukaangalie jikoni.

Kuhusu mwili nitapita haraka, kwa sababu ndio unaozungumzwa kupita kiasi. Pima urefu wa mikono kuliko urefu wa kichwa, maana ulinzi unachezwa kwa mikono. Tazama kama anaweza kupita skrini bila kubaki nyuma. Soma taarifa za madaktari. Lakini usimtupe mtu kwa sentimita peke yake. Lawson, mwenye urefu wa kama mita 1.80, msimu wake wa ubingwa na North Carolina alitoa asisti 6.6 kwa mechi huku akipoteza mipira 1.9 tu. Akasubiri mpaka nafasi ya 18. Miaka michache baadaye, akiwa Denver msimu wa 2013/14, alikuwa na wastani wa pointi 17.6 na asisti 8.8.

Anakwenda nyumba gani?

Sasa turudi kwa Flynn, maana hadithi yake ndiyo inayonigusa. Alikuwa mchezaji wa kweli. Machi 2009 alicheza dakika 67 katika mechi ya nyongeza sita kati ya Syracuse na Connecticut ya Thabeet, na Syracuse wakashinda 127 kwa 117. Msimu ule alikuwa na pointi 17.4 na asisti 6.7. Hakuna aliyesema hajui mpira.

Lakini Minnesota walimchagua usiku uleule waliomchagua pointi gadi mwingine, na usiku huo timu haikuwa hata na kocha mkuu. Kocha, Kurt Rambis, alikuja Agosti, na alikuja na mfumo wa pembetatu, ambao haumpi pointi gadi mpira aushike muda wote. Flynn ubora wake ulikuwa kuushika mpira na kushambulia kutoka kwenye skrini. Msimu wa kwanza alijitahidi, pointi 13.5. Kiangazi cha 2010 akafanyiwa upasuaji wa nyonga, na kasi yake haikurudi ile ya mwanzo.

Upasuaji ni bahati mbaya, hakuna wa kulaumiwa. Lakini kuchagua mtu kabla ya kujua utamtumiaje si bahati mbaya. Ni swali ambalo halikuulizwa, na anayelipa gharama ni kijana wa miaka 20.

Jipime na wewe

Hapa ndipo wengi tunapodanganyana. Ikifika miaka mitano baadaye, kila mtu "alijua". Msimu wa 2011/12 Curry alicheza mechi 26 tu kwa sababu ya kifundo cha mguu. Ungeuliza mwezi ule, ungeambiwa Golden State walikosea. Na Evans, aliyechaguliwa kabla ya Rubio, Flynn na Curry, ndiye aliyekuwa mchezaji bora chipukizi wa msimu wa 2009/10. Matokeo yanabadilika kila ukitazama saa. Kinachobaki ni sababu ulizotoa siku ile.

Kwa hiyo ziandike. Zoezi ni hili: chagua pointi gadi mmoja, wa drafti ijayo au wa mashindano yetu ya vitivo, umtazame mechi tatu nzima, si vipande vya kusifia. Kisha ujaze karatasi moja:

1. Kila skrini, walinzi walijibu vipi, na yeye alichagua nini? Uamuzi tu, usiandike kama mpira uliingia.
2. Mipira iliyopotea: kwa aina, si kwa jumla.
3. Namba zake kwa dakika, na jina la nani alikuwa anashika mpira mwingine kwenye timu yake.
4. Mitupo huru, na idadi ya mitupo aliyotupa, si asilimia peke yake.
5. Kitu kimoja kitakachosafiri naye, na kimoja kitakachobaki.
6. Timu inayomchukua inahitaji nini, na kocha wake anacheza vipi?

Weka tarehe, ikunje, uihifadhi. Mwaka ukiisha, ifungue. Hapo utajua kama ulikosea kufikiri au ulikosa bahati, maana hayo mawili dawa zake ni tofauti.

Mimi nimeijaza ya yule dogo mkimya, kwa kutumia video za mazoezi ya mwaka jana zilizobaki kwenye simu za watu. Skrini 14, na katika 11 alichagua vizuri. Kati ya hizo 11, mpira uliingia mara nne tu, kwa sababu wenzake walikuwa wanakosa. Ndiyo maana hatukumwona. Wiki iliyopita nimempelekea karatasi hiyo chumbani kwake na tarehe ya majaribio ya mwaka huu. Hajaniahidi kitu. Ameisoma mara mbili, akaniuliza ile skrini ya tisa nimeandika kosa kwa nini.

Nikairudia video. Alikuwa sahihi yeye.